Vyungu Vyangu Havipasuki, Sanamu Zangu Zinapasuka

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa miaka 34, naishi Uyole, Mbeya. Ufinyanzi nilifundishwa na bibi mzaa mama, Mkisi wa Ikombe kando ya Ziwa Nyasa, na vyungu vyangu vya kupikia vinanunuliwa vizuri. Tangu mwaka jana nimevutiwa kufinyanga mwili wa mtu, hasa mama mjamzito aliyekumbatia tumbo lake. Nimetengeneza sanamu sita, kila moja kama sentimita 50 kwenda juu. Mbili zilichanika begani zikiwa bado kivulini zinakauka. Tatu zimepasukia motoni, moja kwa mlio kama wa bunduki, kichwa kikaruka hadi kwenye mahindi ya jirani. Imebaki moja tu. Udongo ni uleule wa vyungu, ila huu nauchuja kwa kitambaa hadi unakuwa laini kama sembe ili ngozi ya sanamu iwe nyororo, na ikikauka naipiga msasa. Kichwa na mikono nafinyanga pembeni halafu nabandika. Fundi mmoja anasema kosa ni hewa iliyonaswa ndani. Mama mkwe anasema ni onyo, sikupaswa kuumba mtu. Shemeji anashauri nimpake mkewe jipsam tumboni nipate umbo halisi, ana mimba ya miezi saba. Na kuna mwenye hoteli hapa mjini anataka sanamu kumi, yuko tayari kutanguliza nusu ya fedha. Nimechoka. Kifua nacho kinanibana siku nikipiga msasa. Je, niendelee au nirudi kwenye vyungu?"*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Kila nilipofika pale kichwa kinaporukia kwenye mahindi nilisimama kwanza, maana naujua uchungu wa kupoteza kwa dakika moja kazi ya wiki tatu. Nikujibu mapema usikae roho juu: endelea, lakini usiendelee kwa namna unayofanya sasa. Na vyungu usiviache, kwa sababu dawa ya sanamu zako imo ndani ya vyungu vyako.

Tuanze na hewa, kwani fundi aliyekuambia hivyo hayuko peke yake. Hata mimi nilifundishwa hivyo, na nikawafundisha wengine hivyo kwa miaka kadhaa kabla ya kuelewa. Hewa kavu ikipashwa moto hutanuka polepole, na udongo ambao haujaiva una vitundu vingi mno vya kuipitisha. Kinachopasua ni maji. Udongo unaoonekana mkavu kwa macho bado umebeba maji katikati, na maji hayo yakigeuka mvuke yanataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo. Yakiwa kwenye ukuta mwembamba hupata njia ya kutokea. Yakiwa katikati ya bonge hayana pa kwenda, na ndipo unaposikia bunduki.

Sasa kiangalie kichwa cha sanamu yako. Ulikifinyanga pembeni, kikawa bonge lenye unene wa ngumi, ukakibandika juu ya mwili ambao ni mtupu ndani kama mtungi. Ukuta wa tumbo una unene wa sentimita moja, umekauka kwa wiki mbili. Kichwa kina unene wa sentimita saba au nane, na kwa hali ya hewa yetu, masika ndiyo haya, hata mwezi mzima haukitoshi. Umeviingiza motoni pamoja. Tumbo lilikuwa tayari, kichwa hakikuwa tayari. Chungu chako hakipasuki kwa sababu hakina mahali palipo bonge: kuanzia kitako hadi mdomoni ni ngozi moja yenye unene mmoja.

Mabega nayo yalichanika kwa sababu iliyo ndugu ya hiyo. Udongo mwingi wa kufinyangia hupungua kati ya asilimia 5 na 10 unapokauka. Sanamu ya sentimita 50 inaweza kupoteza sentimita nne kabla haijauona moto. Hilo si tatizo ikiwa yote inapungua pamoja. Lakini mkono mbichi uliobandikwa kwenye bega lililoanza kukaza utavutana nalo: bega limeshamaliza kupungua, mkono ndiyo kwanza unaanza, na kiungo hakina la kufanya ila kuachia. Wazee walisema udongo uwahi ungali maji, na kwa kazi yako nasaha hiyo ichukue kama ilivyo. Bandika mkono wakati bega na mkono vyote vimekaza kiasi kimoja, kama sabuni ya mche iliyokatwa leo, kidole kinaacha alama lakini hakizami. Kwaruza pande zote mbili kwa mchirizo wa kukatizana, paka uji wa udongo uleule, kandamiza hadi uji utoke pembeni, kisha zungushia msokoto mwembamba na uulainishe. Baada ya hapo funika kiungo kwa nailoni au jani la mgomba kwa siku mbili tatu. Acha tumbo lisubiri bega.

Lakini kosa kubwa zaidi umelitaja kama sifa: kuchuja udongo hadi uwe kama sembe. Bibi yako wa Ikombe hakuchuja hivyo, na hakuwa mvivu. Chenga zilizomo katika udongo wa chungu ndizo mifupa yake. Zenyewe hazipungui, kwa hiyo zinaupunguzia udongo wote kujikunja. Zinaacha vijia ambavyo mvuke hutokea. Na ufa ukianza hukutana na chenga ukasimama. Wewe umeitoa mifupa ukabakiza ngozi tupu, ukaitaka isimame sentimita 50 na iingie kwenye moto wa wazi. Twanga vigae vya vyungu vilivyovunjika, chekecha upate chenga za ukubwa wa punje ya ulezi, changanya sehemu moja ya chenga kwa sehemu nne za udongo. Zile sanamu tatu zilizopasuka usizitupe, zitwange. Vigae vimeshapita motoni, havipungui tena.

Na ngozi nyororo uitakayo? Utaipata, ila mahali pake, yaani juu. Ule udongo wako uliochujwa kwa kitambaa ukoroge uwe uji mzito kama maziwa ya mtindi, ukipenda utie ngeu upate wekundu, upake mara mbili tatu sanamu ikiwa imekaza, halafu sugua kwa kokoto laini ya ziwani. Usisugue ovyo: anzia kiunoni, fuata mviringo wa tumbo, kokoto iende kama kiganja kinavyompapasa mtoto aliyelala. Baada ya nusu saa utaona nuru inatokea kwenye udongo wenyewe bila rangi wala vanishi. Msasa hauwezi kuleta nuru hiyo. Msasa huikwaruza.

Kabla ya kuiingiza motoni, ipime kwa shavu. Asubuhi, kabla jua halijaipiga, iegemeze shavuni mwako, kwanza tumboni kisha shingoni kisha kwapani. Palipo na ubaridi kuliko penginepo maji bado yanatoka, maana maji yanayoondoka huchukua joto na kuacha baridi. Ikiwa baridi popote, subiri. Ikiwa kavu kila mahali, bado uipashe taratibu kwa saa tatu nne pembeni ya makaa, ukiigeuza, kabla ya kuifunika kuni. Kumbuka pia kwamba Mbeya mjini, kwenye mwinuko wa mita kama 1,700, maji huchemka kwenye nyuzi kama 94, si karibu na 100 kama kule chini Kyela. Mvuke unakuja mapema. Na ikishaiva usiifunue jioni upepo wa mlimani unapovuma. Kwenye nyuzi 573 chembe za mchanga ndani ya udongo hubadilika ukubwa ghafla, wakati wa kupanda na wakati wa kushuka, na kipande kinachopoa upande mmoja kwa upepo hupata ufa mrefu mwembamba ambao utauona kesho yake. Iache ndani ya majivu hadi asubuhi.

Hayo ni ya moto. Ningeweza kuishia hapo na sanamu zako zisingepasuka. Lakini uliandika kwamba umevutiwa na mwili wa mtu, na nadhani hapo pana jambo hujaliona bado.

Taja sehemu za mtungi kwa Kiswahili chako cha kila siku: mdomo, shingo, mabega, tumbo, kitako. Hakuna aliyekaa akapanga majina hayo. Watu waliutazama mtungi wakauona mwili. Maana yake ni kwamba tangu ukiwa binti pale Ikombe umekuwa ukifinyanga mwili, na mikono yako inaujua kuliko unavyodhani. Unapoacha ujuzi huo na kuanza kuchonga bonge la kichwa na kubandika vijiti vya mikono, unatoka kwenye ufinyanzi na kuingia kwenye kazi ya mchonga mti, ambaye ana gogo gumu mbele yake na hupunguza kutoka nje. Mfinyanzi husukuma kutoka ndani. Mkono wako wa kushoto unapokuwa ndani ya chungu ukilitoa tumbo nje, na wa kulia unapokea kwa kipande cha kibuyu, unafanya kile ambacho mtoto hufanya ndani ya mama yake. Kwa mjamzito uliyemchagua, hakuna njia iliyo karibu zaidi na ukweli kuliko hiyo.

Yupo mfinyanzi aliyeishi na jambo hili maisha yake yote, Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1950, anayeishi Uingereza. Alianza na kazi ya michoro ya matangazo. Katikati ya miaka ya 1970 alikwenda kituo cha ufinyanzi cha Abuja ya zamani (mji ambao leo ni Suleja), Nigeria, akakaa na akina mama waliokuwa wakijenga vyungu kwa mkono, akiwemo Ladi Kwali, yule ambaye picha yake imo kwenye noti ya naira 20. Vyombo vya Odundo havina uso wala mikono. Ni misokoto ya udongo iliyopandishwa, ikakwanguliwa, ikasuguliwa. Vikichomwa kwa hewa ya kutosha hutoka vyekundu, vikirudishwa kwenye moto ulionyimwa hewa hutoka vyeusi. Lakini ukikitazama kimoja unaona shingo iliyonyooka, nyonga, tumbo, wakati mwingine vijinundu vichache kama uti wa mgongo unaojitokeza chini ya ngozi. Hakuiga mwili. Aliuacha uonekane ndani ya chombo.

Sikuambii umuige. Nakuambia una ruhusa ya kuacha kichwa. Una ruhusa ya kuacha mikono. Mama mjamzito anaweza kuwa mtungi ambao tumbo lake limesogea mbele na mgongo umeingia ndani kidogo juu ya kitako, basi. Wala usidhani ni njia ya mkato. Kuna kitu lazima ukione kwanza, na hakimo kwenye picha za simu. Nenda soko la Mwanjelwa asubuhi, kaa pembeni, mtazame mama mwenye mimba kubwa anaponunua nyanya. Tumbo haliendi mbele peke yake. Mabega yanarudi nyuma, kiuno kinaingia ndani, miguu inapanuka, na mara nyingi kiganja kinakuja kushika mgongo wa chini, vidole vikielekea chini. Mwili mzima unalijibu tumbo. Ukifinyanga tumbo bila kuurudisha mgongo, sanamu inaonekana imefungwa mto, na zaidi ya hapo inaanguka kifudifudi ikiwa bado mbichi. Udongo una uzito kama mtu ana uzito, na wote wawili husimama kwa kanuni moja. Nimewafundisha vijana wengi hapa Iringa waliojua kuchora uso wenye kope moja moja, lakini sanamu zao hazikusimama, kwa sababu hawakuwahi kumwangalia mtu akibeba kitu.

Kama unaitaka mikono kabisa, na nakuelewa, kwa sababu kukumbatia ndiko kulikokuvuta, usiibandike. Iinue kutoka kwenye ukuta wenyewe: sukuma kwa ndani mstari unaotoka begani hadi chini ya tumbo, uwe tuta, kisha ukaze kingo zake kwa nje. Mkono utakuwa mtupu ndani, ngozi ileile, unene uleule. Hautachanika kwa sababu hauna kiungo. Kichwa nacho kipandishe kwa misokoto kutoka shingoni, kiwe kitupu, na ukiache na tundu chini ya nywele au sikioni. Tundu ni la kukausha ndani na kutoa mvuke.

Kuhusu mama mkwe, sitakuambia umpuuze, kwa sababu wewe ndiye unayekula naye jioni, mimi niko mbali. Udongo kupasuka si onyo. Nimekueleza sababu zake na unaweza kuzijaribu mwenyewe. Lakini hofu ya kuumba mtu ni ya kweli kwa watu wengi wa imani, na mara nyingi inahusu sanamu kuabudiwa. Anachohitaji kusikia pengine ni kwamba hutengenezi cha kusujudiwa. Tena umbo la mtu kwa udongo si jambo lililoletwa juzi. Katika makabila kadhaa ya nchi hii vinyago vya udongo vilitumika kuwafundisha wanawali na vijana jandoni na unyagoni, na Luzira, Uganda, kilichimbuliwa mwaka 1929 kichwa cha udongo cha zamani sana ambacho sasa kimo katika makumbusho ya British Museum huko London. Mwonyeshe mama mkwe kazi ikiwa bado mbichi, mwache aiguse. Akiendelea kukataa uchi, nadhani chombo kisicho na uso wala matiti, chenye tumbo tu, kitawapatanisha, na wewe hutakuwa umepoteza chochote cha sanaa yako. Wapo ambao hawatakubali hata hivyo.

La shemeji nalikataa moja kwa moja. Jipsam ikichanganywa na maji hujipasha yenyewe inapoganda, na ikiwa nene hupita nyuzi 60. Wakati huo imeshakuwa jiwe, huwezi kuibandua haraka, na ngozi inaungua chini yake. Kwa mjamzito wa miezi saba jambo hilo halina mjadala. Kuna bandeji za plasta za hospitalini ambazo hupakwa tabaka nyembamba juu ya mafuta mengi ya mgando, nazo hupata joto, ila kidogo. Hata hizo nisingetumia bila mwenye mwili kutaka mwenyewe, na mwenye mwili ni yeye, si mumewe. Mwombe tu akubali umchore dakika kumi akiwa amevaa khanga, na umpime kwa uzi: chini ya kifua, katikati ya tumbo, nyongani. Vipimo hivyo vitatu vinakutosha. Kisha jipsam ina ubaya mwingine kwa mfinyanzi. Kipande kidogo kama kucha kikiingia kwenye udongo, kikachomwa, hunyonya unyevu wa hewa baadaye na kutoa gamba. Nilipoteza hivyo kazi iliyokuwa imeshauzwa, wiki mbili baada ya kuikabidhi.

Mwenye hoteli mwambie ukweli: sanamu moja sasa, kumi baadaye. Usipokee nusu ya fedha hadi umechoma tano mfululizo zikatoka salama, maana fedha ya watu ikiingia mkononi utazikimbiza motoni zikiwa mbichi. Na zikitoka tano kati ya saba, basi bei ya kila moja lazima iwe imebeba zile mbili. Ukitaka kusaidiwa hesabu hizo, ofisi za SIDO, shirika la viwanda vidogo, zipo Mbeya na Iringa.

Wengi huniuliza kama tanuri la umeme lingemaliza shida. Lingepunguza, kwa kuwa joto lake hupanda kwa utaratibu, lakini bonge lenye maji hupasuka humo pia, na linaharibu kazi za wenzako. Kwa sasa tanuri dogo la matofali, lenye mdomo wa kuni chini na kifuniko cha vigae juu, litakufaa zaidi, gharama yake unaiweza, na litaukinga moto na upepo. Mwishoni ukitaka weusi, tupia pumba za mpunga za Kyela sanamu zikiwa bado za moto, uzibe kila tundu, usifungue hadi kesho.

Nimeacha kifua mwishoni kwa sababu sitaki ukisahau. Vumbi la udongo mkavu lina chembe laini mno za mchanga ambazo mapafu hayawezi kuzitoa, na madhara yake yakishaingia hayarudi nyuma. Acha msasa kuanzia leo. Palipo na mkwaruzo panguse kwa sponji mbichi, na sakafu ideki, usifagie. Kama unakohoa kwa wiki mbili au zaidi, au unakosa pumzi ukipanda mlima, nenda hospitali ukapimwe, ukimwambia daktari wazi kwamba unafanya kazi ya udongo, kwa sababu vumbi hili humfanya mtu ashikwe kwa urahisi na kifua kikuu.

Na kuna jambo ambalo maandishi hayawezi kukupa. Chukua vipande vya begani vya zile zilizochanika, shuka Matema Jumamosi moja, pale Lyulilo mitumbwi inapoleta vyungu kutoka Ikombe. Watafute akina mama wa rika la bibi yako, uwape vipande hivyo mkononi. Watavivunja, watasikiliza mlio, watatazama kati ya ukuta, na watakuambia kuhusu udongo wako mambo ambayo mimi siwezi kuyajua nikiwa Iringa.

Ile sanamu moja iliyobaki usiichome. Ikiwa haijapita motoni bado ni udongo tu: ivunje, iloweke kwenye ndoo siku tatu, changanya na chenga za dada zake, uanze upya na mtungi mmoja wa sentimita 30, tumbo mbele, mgongo ndani, bila kichwa. Chora mstari wa sentimita kumi chini ya kitako chake kabla haujakauka, uupime ukikauka na uupime tena ukitoka motoni. Niandikie namba hizo mbili, nitakuambia ile ya pili uifinyange kwa ukubwa gani.